Jumatano Moja Malindi: Baada ya Dozi

Kila kijana ninayemhoji namwomba anisimulie siku yake ya jana, kipindi baada ya kipindi: alikuwa wapi, alikuwa na nani, alifanya nini, na moyo wake ulikuwaje. Mbinu hiyo ilielezwa mwaka 2004 na mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake, nami naitumia katika utafiti wangu kuhusu uraibu na ustawi wa vijana kwa sababu mtu akiulizwa kama ameridhika na maisha hujibu kwa adabu, lakini akiulizwa saa 8 mchana alikuwa wapi hujibu kwa ukweli. Leo nimeona ni haki na mimi nijijazie fomu ileile.

Saa 11 alfajiri niko macho. Naishi Shella, na kwa wageni nalazimika kueleza kila mara kuwa ni Shella ya Malindi, si ile ya Lamu. Baada ya swala nimekaa na kikombe cha kahawa kusahihisha sura ya pili ya tasnifu ya mwanafunzi wangu wa uzamili, ambaye ameandika neno "mateja", yaani waraibu wa heroini, karibu kila ukurasa. Wenyewe huitana hivyo kwa utani, na sina ugomvi na utani wao. Ila mtafiti akiliandika, msomaji hukutana na teja kabla hajakutana na mtu. Nimemwandikia pembeni: "watu wanaotumia unga." Sentensi zake zitarefuka kidogo, na ataniwia radhi.

Saa 1 na nusu nimefika kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa heroini badala ya heroini yenyewe. Unga, yaani heroini, umekuwapo katika pwani yetu tangu miaka ya 1980, lakini huduma hii Malindi iliipata mwaka 2015. Foleni husogea polepole kuelekea dirishani, mtu hupewa kikombe chake, hunywa mbele ya muuguzi, kisha huulizwa swali dogo ili atamke neno na ijulikane kuwa amemeza. Utaratibu huo huwaudhi wengi, lakini una sababu: kiasi kinachomtuliza aliyekwisha kuzoea kinaweza kumuua asiyezoea, kwa hiyo dawa haipaswi kutoka nje ikiwa mdomoni wala mfukoni. Methadoni hukaa mwilini muda mrefu kuliko heroini, ndiyo maana dozi moja kwa siku, ikipimwa sawasawa, hutosha kuizuia arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, bila kumlevya mtu. Aliyewahi kumwona mtu katika arosto, kamasi zikimtiririka, tumbo likimwendesha, mifupa ikimuuma kana kwamba imepondwa, hawezi kuidharau kazi ya kikombe kile.

Saa 3 nimeketi chini ya mwarobaini na kijana wa miaka 24, ambaye yuko katika dozi mwaka wa pili sasa. Ameniamkia kwa shikamoo, nikamjibu, tukaifungua fomu. Saa za asubuhi amezisimulia vizuri mpaka pale alipokunywa dawa. Kutoka hapo hadi magharibi amenipa neno moja tu: "Nimekaa."

Nimemuuliza amekaa wapi, na nani. Ameinua mabega, kisha akaniambia jambo ambalo limekuwa likinizunguka kichwani tangu hapo: "Mwalimu, zamani nilikuwa na kazi." Kazi aliyoikusudia ilikuwa ni unga wenyewe. Arosto ilimwamsha kabla ya adhana, akaenda kubeba mizigo sokoni au kuokota vyuma chakavu, na siku nyingine kuchukua vya watu, hilo hakulificha. Pesa ikipatikana akamsaka muuzaji, akanunua kete, akaenda maskani, na kufika alasiri akawa ameanza upya. Siku yake ilijaa pomoni. Alikuwa na wenzake wa kugawana nao, alikuwa na ujuzi, alijua nani anakopesha na askari gani anapita njia gani. Sasa kufikia saa 2 na nusu shughuli ya siku imekwisha, na jua bado liko chini.

Sisi watafiti tumezoea kuuliza dawa imeondoa nini. Tunahesabu sindano zisizotumika tena, wizi uliopungua, kilo zilizoongezeka mwilini, na yote hayo ni ya kweli na ni ya kushukuru. Katika fomu zangu, hata hivyo, saa zinazotangulia kurudia unga mara nyingi si saa za msiba wala ugomvi. Ni saa za kukaa. Kijana hutoka dirishani, hana anapotarajiwa, miguu yake inaijua njia moja tu, na njia hiyo inapita maskani. Mwanasaikolojia Jeffrey Arnett alipoutenga umri wa miaka 18 hadi 25 kama kipindi chenye sura yake, mwaka 2000, aliueleza kuwa umri wa kujaribu kazi, mapenzi na mitazamo. Nikisoma maelezo hayo nikiwa Malindi, najiuliza aliyeanza unga akiwa na miaka 16 amejaribu nini kingine.

Saa 6 nimepanda matatu kwenda Kilifi kufundisha. Ni safari ya kilomita 60 hivi, na nimelala nusu yake. Fomu inataka ukweli.

Saa 8 darasani nimefundisha utafiti wa Lee Robins kuhusu askari wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam mwaka 1971. Takriban mmoja kati ya watano alikuwa amekuwa mtegemezi wa dawa za jamii ya afyuni akiwa huko, na bado wengi wao hawakurejea kwenye utegemezi huo walipofika kwao. Sipendi matokeo hayo yafanywe ngano ya kwamba mazingira ndiyo kila kitu, kwa maana walioshindwa walikuwapo, lakini nawataka wanafunzi waone kuwa wale askari waliiacha Vietnam nyuma, ilhali kijana wangu wa asubuhi hulala mtaa uleule.

Msichana mmoja ameuliza kama methadoni si kubadilisha uraibu kwa uraibu. Swali hilo huulizwa kila muhula, na kila muhula nalijibu kwa urefu. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili uliotolewa mwaka 2013 una vigezo 11 vya uraibu wa afyuni, na vingi vyake havihusu mwili kuzoea dawa. Vinahusu kushindwa kujizuia, kuacha majukumu, kuendelea huku ukijua unaumia. Anayekunywa dozi yake kwa utaratibu wa tabibu mwili wake unaitegemea, kweli, lakini vigezo viwili vya mwili kuzoea havihesabiwi kwake. Mwongozo huohuo ndio ulioiingiza kamari katika sura ya uraibu, nami nikauliza nani darasani amebashiri mechi kwa simu wiki hii. Mikono imeinuka kwa kusitasita, kisha kicheko, kisha kimya.

Saa 12 jioni nimerudi Malindi na kwenda moja kwa moja ufukweni kwa nahodha mmoja tunayefahamiana. Amekubali kumchukua kijana wangu katika mashua yake. Tatizo, amesema, ni kwamba hutweka saa 10 usiku kuukuta upepo wa umande, na dirisha la kliniki wakati huo limefungwa.

Sasa ni saa 3 usiku na ninaandika barua kwa kliniki. Rasimu ya kwanza ilisema "tunaomba afikiriwe kwa huruma". Nimeifuta, kwa kuwa wauguzi wale huruma wanayo. Nimeandika saa badala yake: mashua inatoka saa 10, dozi ya jana itakuwa bado inamshika, na ombi letu ni ahudumiwe akiwa wa mwisho katika foleni badala ya kuwa wa kwanza. Nimempigia nahodha kumuuliza watakuwa nchi kavu saa ngapi. Amesema saa 5, upepo ukikubali.