Nilivyojinoa kusoma na kuandika Kiingereza nikiwa sekondari China

Kwa miaka mitatu ya sekondari ya juu niliandika barua nyingi kwa jina la Li Hua. Ni mwanafunzi wa kubuni ambaye kila kijana wa China anamfahamu. Swali la kwanza la kuandika kwenye mtihani wa Kiingereza hukwambia uchukulie kwamba wewe ni Li Hua, kisha unamwandikia rafiki wa kigeni: unamwalika kwenye maonyesho, unamshauri namna ya kujifunza Kichina, au unamwomba radhi kwa ahadi uliyoshindwa kutimiza. Maneno 80 hivi, alama 15. Baada ya hapo linakuja swali zito zaidi, lenye alama 25, ambalo nitalieleza mbele kwa sababu ndilo lililobadilisha namna yangu yote ya kusoma.

Mama yangu ni mtu wa Tanga, baba ni Mchina wa mkoa wa Zhejiang. Nilisoma Tanga hadi darasa la nne, kisha tukahamia Yiwu, mji wa soko kubwa la bidhaa ndogondogo ambalo wafanyabiashara wengi wa Kariakoo wanalijua vizuri. Sekondari ya juu nilikaa bweni mjini Jinhua, na mwaka 2024 nikafanya Gaokao, mtihani wa kuingia chuo kikuu. Ndugu na marafiki wa Tanzania huniuliza niliwezaje Kiingereza katikati ya Wachina, nami huwa najibu kwa haraka kwenye simu. Leo nimekaa niandike vizuri.

Watu walidhani Kiingereza nilikuja nacho kutoka Afrika. Darasani, kila maelezo ya Kiingereza yalipotakiwa kusomwa kwa sauti, macho yaligeukia kwangu. Kumbe Tanga nilifundishwa kwa Kiswahili, na Kiingereza kilikuwa somo moja kati ya mengine. Nilipofika Yiwu nguvu zangu zote zilikwenda kwenye Kichina, maana bila hicho hata hesabu nisingeelewa. Kwa hiyo nilianza sekondari ya juu nikiwa chini ya alama 90 kati ya 150, na 90 ndiyo alama ya kufaulu.

Nikaanza kwa kuuangalia mtihani wenyewe. Dakika 120. Kusikiliza alama 30, kusoma 50, kujaza nafasi na sarufi 30, kuandika 40. Yaani kusoma na kuandika peke yake ni 90. Wenzangu wengi walikuwa wanapambana na orodha maarufu ya maneno 3500 ya mtihani huo, wakianzia herufi A. Ndiyo maana hakuna mwanafunzi China asiyejua neno "abandon". Liko mwanzoni kabisa mwa vitabu vingi vya msamiati. Mimi pia nilikuwa na kitabu hicho. Niliweza kukariri ukurasa mzima usiku, asubuhi nikakuta neno lilelile kwenye habari nisilitambue, au nilitambue nisijue linakaa wapi kwenye sentensi. Nikaona orodha hainifikishi popote mpaka maneno niyakute yakifanya kazi.

Shule za China zina kitu kinaitwa kisomo cha asubuhi. Kabla ya kipindi cha kwanza darasa zima linasimama na kusoma kwa sauti, kila mtu na chake: huyu mashairi ya kale, yule maneno ya Kiingereza, mwingine majibu ya historia. Karibu wanafunzi hamsini kwa wakati mmoja. Ili ujisikie inabidi uzibe masikio kwa viganja. Wakati huo niliuweka kwa aya moja tu ya Kiingereza, ileile kwa wiki nzima, mpaka ulimi ukaacha kujikwaa na nikajua mwandishi anapumzika wapi na kwa nini.

Aya hizo nilizitoa kwenye mitihani iliyopita. Hapa ndipo nadhani wanafunzi wengi wanapoteza mali. Tunafanya mtihani wa zamani, tunasahihisha, tunaandika makosa kwenye daftari la makosa, kisha tunautupa. Habari zenyewe ni nzuri: watu waliopotea milimani, mbwa aliyerudi nyumbani, mjukuu na bibi yake. Zimeandikwa kwa Kiingereza safi na urefu wake unamfaa mwanafunzi. Simu hazikuruhusiwa darasani, kwa hiyo karatasi hizi na kamusi nene ya lugha mbili ndiyo ilikuwa maktaba yangu.

Utaratibu wangu ulikuwa huu. Nilichagua habari fupi ambayo nilikuwa nimeshajibu maswali yake. Nikaisoma mara ya kwanza kwa ajili ya kisa tu. Mara ya pili nikashika kalamu nyekundu na kupigia mstari vitenzi na viunganishi, siyo maneno magumu. Kisha nikaandika muhtasari kwenye kipande cha karatasi, mara nyingi kwa Kichina na mara nyingine kwa Kiswahili. Habari yenyewe ikaingia kwenye mkoba. Kesho yake, kwenye masomo ya usiku ambayo kwetu yaliendelea mpaka karibu saa nne, nilichukua kile kipande na kuijenga habari upya kwa Kiingereza, bila kuchungulia. Nikimaliza, naweka yangu na ile ya asili upande kwa upande. Ni kama fundi cherehani anayefumua gauni zuri ili aone lilikatwaje, kisha akalishona tena mwenyewe.

Somo lote liko kwenye kule kulinganisha. Nakumbuka habari ya msichana aliyegombana na bibi yake asubuhi ya sikukuu. Mimi niliandika kwamba msichana alikuwa na huzuni kubwa mno na moyo wake ulijaa majuto. Habari ya asili ilisema tu kwamba alisukuma sahani, akaenda hadi mlangoni, akarudi kuichukua. Hakuna neno "huzuni" mahali popote, na msomaji anaelewa kila kitu. Niliitazama sentensi ile kwa muda mrefu. Kuanzia siku hiyo nilikuwa nauliza kwa kila hisia ninayotaka kuitaja: mikono yake inafanya nini?

Sarufi nayo ilijitokeza hapohapo. Kichina hakibadilishi kitenzi kwa wakati. Kitenzi kinabaki vilevile na maneno mengine yanaonyesha kama ni jana au kesho. Mwenzangu wa dawati, aliyenizidi kwa msamiati mara nyingi tu, alisahau wakati uliopita kila akichangamka na kisa. Mimi niliyekua na -li-, -na- na -me- nilisikia pengo mara moja. Lakini kwenye he na she tulianguka wote. Kiswahili hakitofautishi, na Kichina kikitamkwa hakitofautishi pia, kwa hiyo bibi yangu wa kwenye insha alikuwa mwanamume katikati ya aya. Na a na the hazimo katika lugha yangu yoyote kati ya hizo mbili. Tuliamua kubadilishana daftari: mimi nakagua vitenzi vyake, yeye anakagua msamiati wangu, na wote wawili tunazungushia duara kila the ya habari ya asili na kujiuliza kitu hicho msomaji ameshakijuaje. Kazi hiyo ni ya polepole na inachosha, lakini ndiyo iliyonipa alama kwenye sehemu ya kujaza nafasi bila kukariri kanuni hata moja mpya.

Sasa lile swali la alama 25. Unapewa kisa kisichozidi maneno 350 hivi, kimekatika mahali pazuri, pamoja na sentensi za mwanzo za aya mbili. Kazi yako ni kukimalizia kwa maneno 150 hivi. Zhejiang ndio mkoa wa kwanza kulitumia kwenye Gaokao, Oktoba 2016, na baadaye likaenea mikoa mingi. Mtetezi wake mkubwa ni Profesa Wang Chuming wa Chuo Kikuu cha Mafunzo ya Kigeni cha Guangdong, anayeshikilia kwamba mtu anayeendeleza maandishi ya mwenzake hulazimika kuyaelewa vizuri na kujipima nayo, na hapo ndipo lugha inapohama kutoka kwa mwandishi kwenda kwa msomaji. Naamini yuko sahihi kabisa. Sijawahi kukutana na zoezi lililonilazimisha kusoma kwa makini kama hili.

Kuna mazoea mabaya yaliyolizunguka. Karatasi za "sentensi nzuri" zinapita darasani: machozi yanayodondoka kama shanga zilizokatika uzi, moyo unaodunda kama sungura, jua linalochungulia mawinguni. Watu wanazikariri kwa makumi na kuzimwaga popote. Mwalimu wetu, mama mmoja mtulivu aliyefundisha kwa sauti ndogo, alituwekea insha moja ya namna hiyo ubaoni, jina limefunikwa, akauliza: "Huyu mvulana anayelia hivi, mwanzoni mwa kisa alikuwa mtu wa namna gani?" Tukarudi kusoma. Alikuwa mkulima mkimya asiyependa maneno. Kilio kile hakikuwa chake.

Nilichojifunza ni kuanza na sentensi iliyopewa ya aya ya pili. Aya ya kwanza lazima iishie mahali ambapo sentensi hiyo inaweza kufuata, kwa hiyo nusu ya kisa imeshaamuliwa kabla hujashika kalamu. Tuseme aya ya kwanza inaanza na mtoto akifungua sanduku, na ya pili inaanza na mama yake akicheka. Basi kazi yako ni kumtoa mtoto kwenye sanduku hadi kwenye kicheko, na kila sentensi ibebe hatua moja. Baada ya hapo nilirudi kwenye kisa kutafuta vitu vilivyoachwa vikining'inia: barua ambayo haijasomwa, jirani aliyetajwa mara moja, viatu vipya. Mwandishi hakuviweka bure. Nikichukua kimoja au viwili nikavitumia, mwisho wangu ulionekana umetoka kwenye kisa chenyewe. Na kama mwandishi alitumia sentensi fupi, nami nilifupisha.

Kwa upande wa Li Hua nilikuwa na faida ambayo wenzangu hawakuwa nayo. Barua nyingi zinahusu utamaduni wa China: Sikukuu ya Mashua za Dragoni, maandishi ya brashi, chai. Wenzangu waliandika kana kwamba rafiki wa kigeni anajua tayari. Mimi niliwahi kuwa yule mgeni asiyejua. Nilikumbuka mara ya kwanza nilipopewa zongzi, wali wa kunata uliofungwa kwenye majani, nisijue kama jani nalo linaliwa. Kwa hiyo nilimwandikia Peter, rafiki wa kigeni wa kwenye swali: jani unalifungua, hulili, na ndani utakuta nyama au tende kavu za Kichina. Maneno machache tu, lakini barua ikawa na mtu anayesema na mtu mwingine anayesikia.

Mwandiko hauwezi kuachwa. Majibu hupigwa picha na mashine, na insha husahihishwa kwenye kompyuta na walimu wawili, kila mmoja peke yake. Alama zikipishana sana, wa tatu anaingia. Kila msahihishaji ana rundo kubwa mbele yake. Ndiyo maana maduka ya vitabu yanauza madaftari ya mwandiko wa Hengshui, uliopewa jina la shule maarufu ya mkoa wa Hebei: herufi zimesimama wima, za duara, urefu sawa, karibu kama zimechapwa. Nilifuatisha herufi hizo kwa kalamu nyeusi ya milimita 0.5 jioni kabla ya masomo ya usiku. Sikufika kwenye ule uzuri wa wenzangu, ila mkia wa "g" na "y" ukaacha kugonga mstari wa chini, na maneno yakawa na nafasi kati yake.

Zhejiang inaruhusu kufanya mtihani wa Kiingereza mara mbili, Januari na Juni, na alama ya juu ndiyo inayohesabiwa. Januari nilifanya vizuri kwenye kusoma, lakini muda uliniishia kwenye aya ya mwisho. Miezi iliyobaki nilifanya zoezi moja tu jipya: kumalizia kisa huku saa iko mezani. Juni nilipata zaidi ya 130.

Siku hizi utaratibu huu anautumia mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, aliye kidato cha pili Tanga. Shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili, na sasa baiolojia, jiografia na masomo mengine mengi anafundishwa kwa Kiingereza. Anachukua aya moja ya kitabu cha baiolojia, tuseme usanisinuru, anaandika muhtasari kwa Kiswahili, anafunga kitabu, kesho yake anaijenga upya kwa Kiingereza na kunitumia picha WhatsApp. Mimi nazungushia vitenzi tu. Wiki hii ameniomba tuanze na the, kwa sababu mwalimu wake anamkata alama hapo. Nimemwambia amalize kwanza sura ya lishe ya mimea, maana vitenzi vyake vya wakati uliopo bado vinakosa ile "s" ya mwisho, na kwenye baiolojia hiyo inajitokeza karibu kila mstari.