Siku moja maishani mwangu: bibi shamba wa tambarare za Same

Saa 12 asubuhi. Chai ya rangi, kiporo cha makande, na mezani karatasi ya utabiri wa vuli. Ni Septemba. Mimi ni afisa ugani wa kata, lakini huku hakuna anayeniita hivyo; ni bibi shamba tu, hata kwa watoto. Leo nina mkutano na wakulima, kwa hiyo naisoma tena ile karatasi huku natafuta maneno ya kuisema bila kumtisha mtu wala kumdanganya.

Saa 1. Pikipiki, vumbi, miiba ya migunga. Ukiinua macho unaona Upare wa juu ulivyo kijani, na sisi huku chini, upande ambao milima inatukingia mvua, ni kahawia tupu. Mvua ya mwaka mzima mara nyingi haifiki milimita 600, tena inagawanywa vuli na masika. Ukikosea kupanda kwa wiki mbili umekosa msimu.

Karatasi yenyewe imesafiri. Kila Agosti wataalamu wa hali ya hewa wa nchi 11, kuanzia Sudan hadi Tanzania yetu, hukaa pamoja chini ya ICPAC, kituo cha utabiri wa hali ya hewa cha IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, kilichopo Ngong, Kenya, wakakubaliana ramani moja ya msimu. Vikao vya namna hiyo vilianza mwaka 1998. Kisha Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, inatutolea utabiri wa nchi na kuuchambua kwa kanda. Mtu huweza kuuliza: kwa nini tusijitabirie wenyewe? Kwa sababu vuli yetu na vuli ya Wakenya na Wasomali inapikwa na bahari ile ile. Bahari ya Hindi ikipata joto upande wetu na kupoa upande wa Indonesia, mvua humwagika hadi mafuriko, kama 1997, 2019 na 2023. Ikigeuka, tunakauka, kama 2010, 2016 na 2022. Hakuna nchi inayoweza kuipima bahari nzima peke yake.

Saa 3. Ofisi ya kijiji. Viti havitoshi, vijana wamekaa juu ya magunia. Nawapa salamu, mwenyekiti anafungua, na kabla sijatandika ramani, bibi mmoja wa mstari wa mbele ananikatiza: "Mwanangu, ninyi mmesoma. Itanyesha au hainyeshi?"

Hapo ndipo kazi yangu ilipo, na nasema wazi kwamba tunaotoa utabiri tumezoea kumkwepa bibi huyu. Ramani haisemi itanyesha. Inasema miaka mingi iliyopita imegawanywa mafungu matatu, ya mvua nyingi, ya wastani na ya chache, halafu inaonyesha msimu huu unaegemea fungu lipi. Safari hii eneo letu limeegemea uchache, lakini kwa tofauti ndogo.

Kwa hiyo natoa kibuyu. Ndani natia punje kumi: nne za mtama kwa mvua chache, tatu za mahindi kwa wastani, tatu za kunde kwa mvua nyingi. Bibi anachomoa: kunde! Watu wanacheka. Nairudisha, jirani anachomoa mtama, mwingine mahindi, mwingine mtama tena. Kila mkono ni mwaka. Baada ya kuzungusha mara kadhaa bibi anasema, "Basi hata nikijua, bado sijui." Ndiyo, bibi. Sasa swali ni shamba lako uligaweje ili punje yoyote ikitoka usilale njaa.

Mjadala unachukua saa moja na nusu na mimi nasema kidogo sana. Mzee mmoja anataja miti inayochanua na upepo unaogeuka, namwandika daftarini. Sioni aibu kufanya hivyo: magharibi ya Kenya wazee wa ukoo wa Nganyi wameshakaa meza moja na wataalamu wa ICPAC wakalinganisha utabiri wao. Mwisho wengi wanakubaliana: mahindi ya muda mfupi sehemu ndogo, pale maji yanapofika, mtama, kunde na mbaazi kwingine.

Saa 5. Tunapanda hadi kwenye ndiva. Kwa asiyejua, ni bwawa dogo walilotuachia wazee wa Kipare: linajazwa maji ya kijito usiku, asubuhi linafunguliwa, na mifereji inanywesha kwa zamu. Tope limejaa karibu nusu. Kamati inapanga siku ya kuzoa kabla ya mvua, kaya isiyotuma mtu italipa faini. Pembeni tunapima mstari wa makinga maji ya fanya juu, yale yaliyoenea sana Machakos. Udongo unatupwa upande wa juu wa mtaro, maji yanatulia, mbaazi zinapata cha kunywa.

Saa 7 mchana. Duka la pembejeo. Mbegu ya mahindi ya muda mfupi hakuna, ipo ya muda mrefu tele. Muuzaji anasema aliagiza, mzigo haujafika. Hili ndilo linaniudhi kuliko ukame: nchi 11 zinakubaliana ramani mwezi wa nane, halafu mfuko wa kilo mbili unashindwa kufika dukani mwezi wa tisa. Nampigia bosi wangu wilayani, naandika idadi ya kaya zinazohitaji, nasubiri.

Saa 9. Ripoti. Tuiache.

Saa 2 usiku. Kundi la WhatsApp la wakulima limechangamka. Mmoja anaandika: "Bibi shamba, mke wangu amekataa mtama. Anasema kwelea kwelea watamaliza na hana watoto wa kuwinga, wote wako shule." Ana haki. Ukipanda mtama peke yako, ndege wote wanahamia kwako. Namjibu: mpeni mtama mpaka wa jirani ambaye naye anapanda, mkomaze pamoja, mpokezane kuwinga, jirani asipokubali, hiyo robo ekari tieni kunde na mbaazi. Anauliza mbegu ya kunde iko wapi. Ninayo ya kikundi, debe moja, Alhamisi nitapita.