Upepo wa Mungu

Tangu Jumanne kuna neno limenikaa kooni: "Kwani umeukodi wewe?"

Nilikuwa nimempakata Iddi kwenye benchi la kituo cha afya. Ile pumu yake imembana tena, kifua kinapiga filimbi, mbavu zinazama kila akivuta pumzi. Mzee mmoja, umri wa marehemu Baba, kakaa upande wa pili wa nguzo na sigara yake, kibao cha kukataza kuvuta kiko juu ya kichwa chake. Nikamwamkia shikamoo, akaitika vizuri tu. Nikamwambia, "Mzee wangu, nakuomba, mtoto ana pumu, moshi unamfika." Hata hakukasirika. Akatabasamu: "Mwanangu, hapa ni nje. Upepo wa Mungu huu. Kwani umeukodi wewe?"

Watu wakacheka. Nikainuka na mtoto wangu, nikaenda kusimama juani.

Posa ya Salma imejibiwa, mitihani ya Kidato cha Pili tumeimaliza salama, na mimi bado namjibu yule mzee. Usiku majibu yanakuja yenyewe. Upepo ni wa Mungu, kweli, ila moshi ni wako. Una kemikali zaidi ya 7,000, na karibu 70 kati ya hizo zinajulikana kuleta saratani. Mtoto anapumua haraka kukushinda, na mapafu yake bado yanakua. Tanzania iliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007, na kifungu cha 8 kinataka watu wakingwe na moshi kazini, kwenye vyombo vya usafiri na ndani ya majengo ya umma. Nikifika hapo namwona anatabasamu vile vile: "Hapa ni nje."

Kinachoniuma zaidi ni kile kicheko. Walicheka hata kina mama waliopakata watoto wanaokohoa. Tumezoea kuwa anayekerwa ndiye ahame. Kibao kimeandikwa kwa rangi nyekundu, lakini hakuna aliyepewa kazi ya kukisimamia, basi kazi hiyo inamwangukia mama mwenye mtoto mgonjwa, mbele ya mtu wa kumwamkia shikamoo.

Jana lakini, kwenye gari ya kutoka Chake kurudi Wete, kijana kataka kupanda na sigara inawaka. Kabla sijafungua mdomo, konda kagonga bodi: "Izime kwanza, au ngoja gari ya nyuma. Humu mna watoto." Kijana akaisugua chini kwa kandambili, akasema samahani, akapanda. Hakuna aliyecheka. Bibi mmoja akasema, "Ahsante, mwanangu," na safari ikaendelea. Nimemwombea dua konda yule njia nzima.

Iddi analala vizuri tangu juzi, alhamdulillahi. Sasa hofu yangu ni hili wingu. Karafuu za Mama bado hazijakauka, zimejaa majamvini uani, Khamis yuko Unguja mpaka Jumatatu, na kesho mimi niko skuli hadi mchana. Mvua ikishuka, sijui nani ataziwahi.