Nilivyotunga upya majaribio ya msamiati wa Kiingereza kidato cha pili

Nilipopangiwa kufundisha Kiingereza kidato cha pili katika shule moja ya kutwa upande wa Ilemela, jijini Mwanza, nilikabidhiwa bahasha ya majaribio ya zamani ambayo yalikuwa yakirudiwa muhula hadi muhula. Yote yalifuata mtindo mmoja: safu ya maneno, majibu manne ya kuchagua mbele ya kila neno, na agizo fupi la kutafuta kisawe, kinyume au maana ya nahau. Alama zilikuwa nzuri, lakini wengi wa waliozipata walishindwa kuyatumia maneno hayohayo katika insha ya aya tatu. Nikaamua kutunga jaribio litakalomtenganisha anayelijua neno na aliyekariri orodha, na ambalo mwalimu mmoja mwenye mikondo kadhaa ataweza kulisahihisha bila kukesha.

Suala hilo lina uzito kwetu kwa sababu wanafunzi wetu wengi wametoka shule za msingi za serikali, ambako masomo hufundishwa kwa Kiswahili, na wakifika sekondari wanakuta baiolojia na jiografia zinafundishwa kwa Kiingereza. Anayekwama kwenye neno anaweza kulikosa swali la fizikia ambalo angelijibu vizuri kwa Kiswahili.

Nilianza na vinyume, maana ndiko kasoro zilikoonekana upesi. Katika karatasi mojawapo neno "light" lilisimama peke yake, na kati ya majibu manne yalikuwamo "heavy" na "dark", huku mwongozo wa kusahihishia ukikubali moja tu. Aliyefikiria mzigo na aliyefikiria chumba wote walikuwa na haki, ila mmoja alinyimwa alama kwa kutowaza kama mtunzi alivyowaza. Ndivyo ilivyo pia kwa "old", ambalo kinyume chake ni "young" kwa mtu na "new" kwa kitu, na kwa "short", lenye "tall" na "long". Kwa hiyo niliweka sharti kwamba hakuna neno litakaloulizwa nje ya sentensi, na kwamba sentensi yenyewe ndiyo itakayobainisha jibu.

Sentensi nazo zina mitego yake. Kabla ya kuwapa kidato cha pili, niliwajaribu nazo wanafunzi wachache wa kidato cha tatu, na mojawapo ilisema kwamba Ziwa Tanganyika ni "deep" lakini Ziwa Victoria ni "______". Kwa vipimo sentensi hiyo haina kosa, kwani Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470 na Victoria halizidi sana mita 80. Mwanafunzi mmoja, mtoto wa mvuvi wa Igombe, aliinua mkono: "Madamu, ziwa letu lina kina. Baba akiwa katikati hagusi chini hata kwa pondo." Alilijua neno "shallow", ila hakukubali kuliandika hapo. Nikaiondoa sentensi hiyo, kwa kuwa ilipima jiografia na msamiati kwa pamoja, nikaweka nyingine inayosema kwamba watoto wadogo wanaweza kucheza ufukweni pale bila hatari kwa sababu maji ni "sh______".

Herufi hizo mbili za mwanzo zilinisaidia sana. Kwa majibu manne ya kuchagua, anayebahatisha maswali 20 anatarajiwa kupata kama 5 bila kujua chochote. Anayejaza pengo hana bahati hiyo, na herufi za mwanzo zinazuia majibu mengine yanayofaa ambayo yangeleta ubishi. Mwalimu mwenzangu wa siku nyingi aliiona karatasi akaniuliza, "Mwalimu, hizi utazisahihisha lini?" Nilimwonyesha kwamba kila jibu ni neno moja, linaloandikwa kwenye safu ya kulia, hivyo karatasi huwekwa ubavuni mwa mwongozo na kukaguliwa kwa mpigo.

Visawe nilivipima kwa kubadilishana: neno gani linaweza kukaa mahali pa lililopigiwa mstari bila kuiharibu sentensi? Kamusi zinakubali kwamba "big" na "large" ni visawe, lakini "big brother" ni kaka mkubwa ilhali "large brother" ni kaka mwenye mwili mkubwa, na swali linalolenga tofauti hiyo linafaa kwa wenye uwezo zaidi. Vinyume vya viambishi, kama "legal" na "illegal" au "regular" na "irregular", sikuona haja ya kuvihangaikia. Hivyo vina utaratibu na mazoezi ya ubaoni yanatosha.

Nahau ndizo zilizonichukua muda. Nahau ambayo Kiswahili kina ya kufanana nayo, kama "crocodile tears" na machozi ya mamba, hujibiwa hata na ambaye hajawahi kuisikia, kwa hiyo niliitumia mwanzoni kuwatia moyo tu. Kwa "once in a blue moon" niliandika kisa kifupi cha mchuuzi wa Mwaloni Kirumba ambaye ndugu yake wa Ukerewe humtembelea kwa nadra mno, kisha nikauliza ndugu huyo huja mara ngapi. Kati ya majibu niliweka "kila mwezi", na anayetafsiri neno kwa neno hulikimbilia hilo.

Baada ya kusahihisha nilizipanga karatasi kwa alama, nikachukua robo ya juu na robo ya chini, nikahesabu ni wangapi katika kila kundi walilipata kila swali. Swali lililopatwa sawasawa na makundi yote mawili halitenganishi. Lililokoswa zaidi na wa juu lina hitilafu ya utunzi, nami hulitoa hata kama nililipenda. Yanayobaki nayanakili kwenye daftari la kaunta pamoja na hesabu zake, ili muhula ujao niyachanganye upya.

Limebaki suala la tahajia, ambalo bado tunabishana idarani. Baadhi ya wanafunzi wetu wanaozungumza Kisukuma nyumbani huchanganya "r" na "l", wakaandika "lich" wakikusudia "rich". Mimi huwapa nusu alama, kwa kuwa neno wanalo; wenzangu wawili wanaweka sifuri.