Kabla ya flashi, nilitazama dari

Mke wangu anaicheka tabia yangu mpya: nikiingia nyumba ya watu, kabla salamu hazijaisha macho yangu yameshapanda juu. Natafuta dari. Ni nyeupe? Iko karibu au iko juu sana? Au hakuna dari kabisa, ni mabati na mbao zake? Hapa Bombo, Uganda, utakuta kila aina, na hizo dari ndizo zilizoniamulia flashi ya kununua kuliko sifa zilizoandikwa kwenye boksi.

Kamera yangu ni Nikon D5300 ya mtumba. Kile kiflashi chake cha kuinuka kina nguvu ndogo, tena kinatazama mbele tu. Mwanga unatoka kwenye kioo cha upana wa vidole viwili, unampiga mtu usoni, na ngozi nyeusi inaurudisha palepale ulipogonga: paji la uso linawaka, ncha ya pua inawaka, na nyuma kivuli kimegandamana na ukuta. Shangazi alipoziona picha za nikaha ya mwaka jana aliuliza, "Mwanangu, hawa nao walikuwa wamepakwa mafuta ya kukaangia?" Sikuwa na jibu la maana.

Flashi ya nje yenye kichwa kinachogeuka inaliondoa tatizo hilo bila uchawi wowote. Unaielekeza kwenye dari nyeupe; mwanga unapanda, unasambaa, na unamshukia bi harusi ukiwa na upana wa dari yenyewe. Mng'aro unatulia, mikunjo ya gurbaba, vazi la wanawake wa Kinubi, inaonekana, hina ya mkononi inaonekana mstari kwa mstari. Kwa hiyo sharti langu la kwanza lilikuwa hilo: kichwa kigeuke juu, na kigeuke pembeni pia, maana watu wengi nawapiga kamera ikiwa wima. Flashi za bei ya chini kabisa kichwa chake hakigeuki. Hizo nilizipita bila hata kuuliza bei.

Luwum Street, Kampala, muuzaji mmoja alinishikisha boksi akaniambia, "Sebo, hii ni sitini. Kubwa zaidi ya hii hapa hupati." Alikuwa anasoma namba ya mwongozo, ile GN inayoonyesha nguvu ya flashi. Hesabu yake si ngumu: igawanye namba hiyo kwa umbali wa mita, utapata ukubwa wa tundu la lenzi kwa ISO 100 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kuupokea mwanga). Namba 40, mtu akiwa mita 5, ni f/8. Lakini hiyo 60 hupimwa kichwa cha flashi kikiwa kimevutwa hadi milimita 200, mwanga wote umekusanywa mahali padogo. Ukiutawanya ulingane na lenzi pana, namba inashuka sana. Ukiupigia darini inashuka tena, kwa sababu mwanga una safari ya kwenda na kurudi, na umbali ukizidi mara mbili mwanga unabaki robo. Sikuidharau nguvu, basi. Dari ya ukumbi mrefu inaimeza. Ila nguvu peke yake haikuundii dari pasipokuwa na dari.

Na harusi zetu nyingi hazina dari. Kuna tenti, na ndani ya tenti kuna vitambaa vya mapambo vya zambarau, dhahabu, wakati mwingine kijani kibichi. Mwanga ukigonga kitambaa cha zambarau unarudi na zambarau yake, na mashemeji wote wanatoka kama wagonjwa. Ukihamia jikoni au kwenye baraza la mabati yenye masizi, hakuna kinachorudi kabisa. Mahali kama hapo inabidi flashi ishuke kutoka kwenye kamera, ikae pembeni, imulike kupitia mwavuli mweupe. Hapo ndipo nilipoacha kuulizia nguvu na kuanza kuuliza swali jingine: ina redio ndani?

Godox TT600 inayo. Ina kipokezi cha 2.4 GHz mle mle. Unaweka kitriga juu ya kamera, flashi unaipeleka unakotaka. Haina TTL, yaani kamera haikukadirii kiasi cha mwanga. Unapanga mwenyewe, kuanzia nguvu yote hadi 1/128 yake. Ndugu yake, TT685, anayo TTL, na pale dukani bei yake ilikuwa karibu mara mbili. Nilizishika zote mbili kwa muda mrefu hadi muuzaji akaenda kuswali na kurudi.

Kilichonifanya nichukue TT600 ni kanzu. TTL inarusha mwako mdogo wa kupima kabla ya picha, halafu inajaribu kuifanya picha nzima iwe na mwanga wa wastani. Wapange wazee wanne wenye kanzu nyeupe. Kamera itadhani mwanga umezidi, itaupunguza, na nyuso zitazama gizani. Aondoke mmoja, aingie binti wa nguo nyeusi, kipimo kinageuka. Unaweza kusahihisha, sawa, lakini kwa picha za familia zilizopangwa mahali pamoja napenda nikishapata nguvu inayofaa ibaki hiyohiyo kwa kila kundi. Anayewafukuza maharusi huku wakicheza na kusogea ana haki ya kulipia TTL. Mimi huwa nawaambia wasimame.

HSS nayo ilinivutia kidogo, ile ya kutumia flashi kwa kasi kubwa ya shata (pazia la kamera linalofunguka na kufunga), mpaka nikasoma kitabu cha kamera yangu. D5300 haina. Mwisho wake na flashi ni 1/200 ya sekunde, kwa hiyo kuilipia kungekuwa kununua gia ya sita kwa gari la gia tano. Juani nafunga tundu hadi f/11 na maisha yanaendelea. Na msishangae kusikia flashi juani. Hapa kwetu jua la saa sita linasimama utosini, kofia inafunika macho yote, na mwanga kidogo kutoka mbele ndio unaomrudishia mzee uso wake.

Wenye Canon EOS 2000D au 4000D wachungulie kwanza pale juu panapochomekwa flashi. Kamera hizo hazina kile kidoti cha chuma cha katikati, na flashi isiyo na TTL kama hii ikichomekwa juu yake haiwaki.

Mzee mmoja aliyewahi kuwa na studio alinipa Vivitar 283 yake, zawadi ya moyo safi. Niliipitisha kwanza kwa fundi redio aipime kwa mita, kwa kuwa baadhi ya zile za zamani hutoa zaidi ya volti 200 kwenye miguu yake, pale inapogusana na kamera, na zinaweza kuiunguza kamera ya dijitali. Sindano ilipanda vibaya. Sasa imekaa juu ya kabati, na ni nzuri kutazama.

Betri ni za kuchaji, NiMH, seti mbili za nne. Zinaandikwa volti 1.2 badala ya 1.5, lakini zinatoa umeme haraka, na flashi inakuwa tayari tena ndani ya sekunde chache. Zile za bei rahisi za dukani nimeziachia rimoti na saa ya ukutani.

Sijanunua stendi. Kwa sasa stendi ni mpwa wangu, ana mkono mrefu na subira fupi, na ameshanitangazia kwamba kwenye harusi ijayo atashika mwavuli baada ya pilau, si kabla.