Siku moja maishani mwangu: nakodisha woki toki Kampala, na kazi kubwa ni masafa

Saa moja asubuhi
Nimefika dukani, betri zimelala kwenye charja usiku kucha na taa zote ni za kijani, safi. Leo Ijumaa, na Ijumaa hapa Kampala kila mtu ana arusi ama maonyesho ama mbio za hisani wikendi hii na ndo anakumbuka mawasiliano. WhatsApp imeshaanza: "ssebo, redio ishirini siku mbili ni shilingi ngapi?" Bei natoa haraka, afu nauliza mtatumia wapi, tarehe gani, masafa, yaani frikwensi ya kurushia, mnayo ya kwenu ama mnataka yetu? Hapo kimya. Baadaye kidogo: "masafa gani tena, si redio zinakuja nayo?"

Hapana jamani. Ile mashine unayoshika ni mashine tu, hewa inasimamiwa na UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda, pale Bugolobi chini ya sheria ya mawasiliano ya 2013, na kurusha kwenye chaneli ya biashara lazima kuwe na leseni ya mtu, iwe yako ama ya mkodishaji. Hata mashine yenyewe inatakiwa iwe ya aina iliyokubaliwa, si kila kitu kinachouzwa mtandaoni.

Saa tatu
Fomu za kuombea masafa. Hii ndo kazi yenyewe, watu wanadhani nashinda nikisema "ova ova". Mteja wa leo ana maonyesho Lugogo na kwenye sehemu ya eneo ameniandikia "Uganda nzima", kwenye nguvu ya kurushia kaandika "ya juu". Mzee, wewe unataka mtu wa getini aongee na mtu wa jukwaani, wati moja au mbili zinatosha kabisa, Uganda nzima ya nini? Nampigia namweleza: chaneli moja inaweza kupewa mtu Kampala na mwingine Gulu na mwingine Mbarara wasisikiane kabisa, mradi kila mmoja akae na eneo lake, na wati zake ziwe ndogo na antena isiwe juu kupita kiasi. Ukiomba nchi nzima unawafungia wenzako wote mlango kwa ajili ya siku mbili za kuuza magodoro. Akacheka, akasema weka Lugogo basi. Tukajaza upya, pahali penyewe, idadi ya redio, wati, antena, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Hiyo ya kumaliza muiangalie sana, nitairudia huko chini.

Saa tano
Hawa sasa ndo walinimalizia asubuhi. Kuna kampuni ya kupiga picha za video kutoka Nairobi inaingia Jinja wiki ijayo, wana redio zao nzuri tu, na meneja wao ananitumia leseni yao ya Kenya, ina mhuri na kila kitu, anasema "sisi tuko sawa, tunataka tu betri za ziada". Nikamwambia dada, hiyo karatasi nguvu yake inaishia mpakani Malaba, ukivuka daraja masafa hayo hayo huku yanaweza kuwa ya kampuni ya walinzi ama ya hospitali, na wao wamelipia. Akaona namtafutia sababu ya kumkodishia zetu, na sikatai, biashara ni biashara, ila si uongo. Ni kama wale wanaoletewa redio ndogo na ndugu kutoka Marekani, zile za 462 MHz, kule ni ruhusa kutumia bila leseni, Ulaya nako wana zao za 446 nusu wati, lakini uhuru huo umetolewa na serikali za kule, haupandi ndege na wewe.

Mi binafsi napenda wanavyofanya Uingereza. Kule Ofcom, ambayo ni kama UCC yao, ina leseni ya wakodishaji, yaani duka ndilo lenye leseni na mteja wa muda mfupi anajifunika chini yake, hana haja ya kuomba mwenyewe kwa sababu ya arusi moja. Ubaya wake chaneli hizo ni za kushirikiana, ukikuta mwingine yuko juu yake mnavumiliana, hakuna wa kumfukuza mwenzake. Bado naona ni afadhali kuliko mteja kukimbilia redio za bei ya chini zinazofungua masafa yoyote kwa kubonyeza namba mbele, maana huyo hajui hata anamwingilia nani.

Saa saba
Kikomando, yaani chapati na maharage, na chai. Huku nakula kompyuta inaandika redio moja moja kwa kebo: masafa, upana wa 12.5 kHz, nguvu ya chini, muda wa kurusha nimekata sekunde 60 ili yule mtu wa kukalia kitufe asiwazibe wenzake, afu nafunga kibodi. Nimeweka na toni, na kila mara lazima nieleze, toni inakunyamazishia wengine sikioni mwako, haifichi unachosema. Mwenye redio nyingine kwenye masafa hayo anakusikia vizuri tu, kwa hiyo pesa za michango ya arusi msizijadili hapo.

Saa tisa
Boda mpaka Munyonyo kwa kazi nyingine ya wikendi hii, jamu usiseme. Hapa hata kabla sijawasha ya kwangu huwa nasikiliza kwanza, skana, ile redio ya kusikiliza tu, imewekwa kwenye chaneli tuliyopewa, natulia kabisa. Kimya, vizuri. Kwenye chaneli ya jirani nikasikia walinzi wanaongea Kiswahili chao cha kazi, "afande, gari nyeupe inaingia", wako kwao na sisi tuko kwetu. Kando ya ziwa mawimbi yanaenda mbali sana kuliko mjini, maji hayana kilima, ndo maana hapa nguvu nashusha zaidi. Mjini ni kinyume, ukiwa Nakasero na mwenzako yuko nyuma ya Kololo, kilima kinameza kila kitu. Kwenye parking ya chini ya jengo nachukua UHF, ile ya MHz 400 na kitu, inajipenyeza kwenye zege vizuri kuliko VHF, ile ya masafa ya chini yake.

Saa kumi na moja
Kukabidhi. Mabaunsa, wapishi, mtu wa jenereta. Somo ni fupi: bonyeza, hesabu moja, ndo uongee, la sivyo mwanzo wa neno la kwanza unakatwa na "usifungue geti" inafika "fungue geti". Wakacheka, lakini baunsa mmoja akarudia zoezi mara kadhaa.

Saa mbili usiku
Simu, yule wa Lugogo. Maonyesho yameongezwa hadi Jumatatu, anaomba redio zibaki, pesa atatuma sasa hivi kwa mobile money. Redio zipo, hazina mwenyewe Jumatatu, lakini ruhusa aliyopewa inaisha Jumapili saa sita usiku. "Nani atajua ssebo?" Nikamwambia atajua yule atakayepewa chaneli hiyo asubuhi yake, ataanza kusikia bei za magodoro. Tumekubaliana Jumatatu watumie chaneli yetu ya dukani, ni moja tu, watu wote wabanane humo, na mimi niwafikie saa kumi na mbili kabla hawajafungua geti nibadilishe redio zote. Kebo nimeshaweka kwenye begi.