Toleo la 10

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni nilipomwomba mkutubi wa maktaba aniletee matoleo ya mwanzo ya Transition, jarida alilolianzisha Rajat Neogy mjini Kampala mwaka 1961. Nilichotaka hasa ni toleo la 10, la Septemba 1963. Humo Obi Wali wa Nigeria, akiutazama mkutano wa waandishi uliofanyika Makerere Juni 1962, alisema fasihi ya Kiafrika inayoandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa imeingia njia isiyo na mbele. Mwalimu wetu aliitaja makala hiyo mara moja tu darasani, nami sikuweza kuisahau. Kwenye mkoba wangu mlikuwa na hadithi fupi niliyoiandika kwa Kiingereza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya hayatoki nje, unasomea hapahapa."

Nikafungua. Baada ya ukurasa wa 12 ukaja wa 17. Mtu alipitisha wembe, akaondoka na makala nzima. Niliumia kama niliyeibiwa mimi.

Mama mkutubi akainama akatazama, akasikitika. "Hebu fungua matoleo yanayofuata," akasema. "Watu walimjibu."

Kweli walimjibu, tena kwa ukali. Ezekiel Mphahlele, mwandishi wa Afrika Kusini, alikuwemo; Gerald Moore, mhakiki Mwingereza, alikuwemo. Wole Soyinka, mwandishi wa tamthilia wa Nigeria, alimuuliza Obi Wali amefanya nini ili tamthilia za Soyinka zitafsiriwe. Wengi huruka barua za wasomaji, nami naona wanajinyima, maana katika majarida ya zamani hapo ndipo penye uhai. Kila aliyempinga ilimbidi kwanza ataje alichopinga. Nikawa nadokoa, huku sentensi, kule nusu sentensi, nanakili daftarini, hadi makala iliyoibwa ikaanza kusimama tena kwa vinywa vya wapinzani wake. Miaka mingi baadaye niliipata nzima. Ni kurasa 3 tu, ilhali kichwani mwangu nilikuwa nimeijenga ndefu kama kitabu.

Siku ile nilitoka maktaba inafungwa. Bwenini niliitoa ile hadithi mkobani, nikaigeuza, na nyuma ya karatasi ileile nikaianza upya kwa Kiswahili. Taa zilizimwa nikiwa bado kwenye sentensi ya kwanza.